Njia Iliyohamia Uani Kwetu

Mvua ya kwanza ikishuka Kisangani, udongo mwekundu hutoa harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Kwetu, upande wa komini ya Tshopo unaoteremkia mtoni, harufu hiyo huja imechanganyika na ya mchaichai. Mgeni akiisikia hudhani watu wa huku wanapenda sana chai. Hapana. Mchaichai ule haukupandwa kwa ajili ya chai, ulipandwa kwa ajili ya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa langu, ingawa nilichukua nusu ya msimu wa mvua kulikiri na miaka mingi zaidi kulisimulia bila kutafuta mtu wa kugawana naye lawama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Kwa hesabu ya Mama nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kupika, na kwa hesabu yangu nilikuwa mdogo wa kutosha kutojua mengine yote.

Lazima niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu, kama wale wanaosifiwa kwenye harusi kwamba binti yao ametulia. Mimi sikutulia, miguu yangu ndiyo iliyokuwa mivivu. Watoto wenzangu walikwenda kuangalia wavuvi Wagenia wakitega migono yao mikubwa kwenye maji yanayovuma, walikwenda kuangalia ndege za uwanja wa Simi-Simi, wakarudi na vumbi na hadithi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, nikimenya ndizi ambazo hakuna aliyeniomba nizimenye. Mama yangu, mtu wa Kasongo kule Maniema, aliniambia kila siku, “Mkaa bure si sawa na mtembea bure, mtembea bure huokota.” Nikamjibu kwamba mtembea bure huokota hata miiba. Niliokota kofi, nikiwa nimekaa palepale. Kijana mmoja wa jirani, Dede, ambaye alikuwa anaendesha toleka, yaani baiskeli ile yenye mto wa kukalia nyuma ambayo ndiyo teksi ya mji wetu, alinipa jina ambalo limenishika hadi leo: Konokono. Akipita mbele ya lango letu alipiga kengele na kuniita, “Konokono! Leo umefika wapi? Jikoni?” Nami nikajibu, “Nimefika, nimesharudi.”

Sasa, katika kazi zangu zote iko moja niliyoichukia kuliko kumeza kwinini. Baada ya kuosha vyombo, nilipaswa kubeba beseni la maji machafu, kuvuka uani, kutoka langoni na kwenda kuyamwaga kwenye mtaro wa barabara. Hatua zenyewe hazikuzidi arobaini. Lakini hatua arobaini ni nyingi kwa konokono. Siku moja nikachukua jembe lililokatika mpini, nikachimba kijifereji kutoka jikoni, kikapita nyuma ya choo, kikapenya chini ya ua wa miti na kutokea kwenye njia iliyokuwa kando yetu. Kuanzia siku hiyo nilimwaga maji nikiwa nimekaa, nayo yakatembea yenyewe. Papa aliporudi kazini akakiona. Papa alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, mtu wa Isangi, mpole, mwenye imani kubwa na karatasi. Akakitazama kijifereji kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mkubwa anayekagua daraja. “Huyu mutoto iko na kichwa ya enginia,” akamwambia Mama. Jumamosi akakipanua, akaunganisha nacho mfereji wa bati wa paa letu, kwa sababu mwaka ule tulikuwa tumetoka kwenye paa la majani na kuingia kwenye mabati, na maji ya mabati hayana subira kama ya majani. Majirani wakaja kuangalia, wakasifu. Kabla ya mwezi kuisha kila ua uliopakana na ile njia ulikuwa na kijifereji chake. Nilijisikia mtu mkubwa. Sikuwa nimetoka nyumbani, lakini uvumbuzi wangu ulikuwa umetembea mtaa mzima.

Ile njia haikuwa na jina. Tuliiita “njia” tu, kama vile mtu anavyosema “mdomo” bila kueleza ni wa nani. Ilianzia kwenye barabara yetu ya juu, ikateremka kati ya ua wetu upande wa kushoto na ua wa Papa Bolamba upande wa kulia, ikatokea chini kwenye soko dogo, shule, zahanati na chemchemi. Kuizunguka ilikuwa nusu saa kamili, kwa barabara kubwa yenye malori. Kwa hiyo kila kitu kilipita pale: wanafunzi wenye sare za buluu na nyeupe, kina mama wenye mabeseni ya pondu, yaani kisamvu, madumu ya njano ya maji, waimbaji wa kwaya, mbuzi, maharusi, na hata jeneza likipita, watu waliinama chini ya matawi yetu bila kulalamika. Mimi niliijua yote kwa masikio tu. Nikiwa jikoni nilijua saa kwa miguu iliyopita. Viatu vya shule, asubuhi. Ndala za wanaorudi sokoni, alasiri. Kengele ya Dede, saa zote.

Halafu siku moja, mwanzoni mwa mvua kubwa, miguu ikanyamaza. Papa Bolamba alikuwa ameifunga njia. Alisimamisha mabati makuukuu na mbao za mitumbwi juu, kwenye mdomo wa barabara, na mengine chini, pale nyumba yake inapoishia. Alikuwa seremala wa mitumbwi aliyekwisha kustaafu, mtu mrefu, mkavu, anayetumia maneno kama mtu mwingine anavyotumia chumvi ya kuazima. Watu walikusanyika mbele ya mabati, na Dede, ambaye abiria wake alikuwa bado amekaa nyuma na kuku wawili mapajani, akapiga kelele, “Papa Bolamba! Namna gani? Watu bapite wapi?” Yule mzee akaupigilia msumari wa mwisho, akajibu, “Njia imechoka. Ipumuzike.”

Basi! Nani amewahi kuona njia inapumzika? Kweli, ilikuwa imeharibika. Katikati yake kulikuwa na korongo, ufa mwekundu uliokuwa ukipanuka kila mvua, hata wenye baiskeli walikuwa wakishuka na kupita ubavuni, wakishika ukuta wa mzee. Lakini tulikuwa tumeizoea kama tunavyozoea jino bovu. Kumbe mtu mmoja kaamua kuling'oa bila kutuuliza, na mdomo ni wetu sote. Watoto walichelewa shuleni wakafungiwa nje ya lango. Mama mmoja mjamzito alizunguka na dumu lake la maji hadi akakaa chini barabarani akalia, si kwa uchungu, kwa hasira. Waliokuwa na wagonjwa waliwabeba katikati ya malori. Watu walisema mzee anataka kuongeza kiwanja chake. Walisema ameshauza. Dede alisimama kila asubuhi mbele ya mabati, akapiga kengele kwa nguvu na kuuliza, “Papa Bolamba, ile njia ni ya mama yako?” Mtaa ukacheka.

Watu wakakaa bila njia kwa siku tatu. Siku ya nne, mtu mmoja, sijui nani, aligundua kwamba kiwanja chetu ni kirefu kuliko cha Papa Bolamba, na kwamba ukiingia kwa lango letu, ukapita kati ya jiko na choo, ukasukuma ua wetu wa miti kule mwisho, unatokea chini ya mabati ya pili, kwenye njia nzima. Akasukuma. Kufikia jioni pale aliposukuma palikuwa na mlango. Kufikia Jumapili, njia ilikuwa imehamia uani kwetu.

Naomba msomaji apime msiba huu. Mimi, ambaye nilikuwa sitoki ili nisione watu, nililetewa watu wote wa mtaa miguuni pangu. Walipita wakinisalimu. Waliniuliza habari za nyumbani. Mbuzi alikula ufagio. Papa, ambaye bafu lake lilikuwa mikeka minne isiyofika mabegani, alisalimiwa na kwaya nzima, sauti zote nne, akiwa na povu kichwani, naye kwa adabu yake akaitikia na kuulizia afya ya mwalimu wao. Lakini hilo lilikuwa dogo. Msiba mkubwa ulikuwa saa kumi alasiri.

Tulikula mara moja kwa siku, saa kumi, uani, kwenye mkeka karibu na jiko. Na kwa Mama kulikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. “Mutu akikukuta unakula na wewe unanyamaza, donc umemufukuza,” alisema. Na aliyekaribishwa naye ana sheria yake: hawezi kupita hivihivi. Hunawa, huchukua tonge moja, hushukuru, huenda. Sheria nzuri kabisa, iliyotungwa na watu ambao hawakuwa na barabara katikati ya mkeka. Maana saa kumi ndiyo saa ya kurudi sokoni. “Mukuye tukule!” Mama aliita, na mama mwenye beseni akatua beseni, akanawa, tonge. “Mukuye tukule!” Mwanafunzi, tonge. Dede akaegemeza toleka yake kwenye choo chetu, akanawa hadi kwenye viwiko, tonge, na la Dede lilikuwa tonge la kuhesabiwa mara mbili. Lituma yetu, yale makemba, ndizi za kupika, yaliyotwangwa na kuviringwa kama mpira, iliyeyuka kama sabuni. Papa alikuwa mtu wa mwisho kunyoosha mkono kwa ajili ya adabu, kwa hiyo mara nyingi alinyoosha mkono kwenye sahani tupu.

“Mama Furaha,” Papa akamwambia Mama siku moja kwa sauti ya chini, “bon, tungekulaka ndani.”

“Ndani? Tukule ndani, mulango umefungwa, sawa wezi?”

“Alors tukule saa tisa.”

“Saa tisa utakuwa ku bureau. Nitapikia nani? Konokono?”

Papa akafanya alichokijua. Akachukua karatasi, akamwandikia burgumesta, mkuu wa komini yetu, barua yenye “nina heshima ya” mara tatu, akiomba njia ifunguliwe. Aliandika nyingine kwa shefu wa mtaa, na nyingine ya kukumbusha zile mbili. Tulisubiri majibu tukiwa na njaa.

Mimi sikusubiri. Nilitafuta pa kujificha, na kwa kuwa watu wote walikuwa uani kwetu, mahali pekee penye utulivu katika mtaa mzima palikuwa kwenye njia yenyewe, ile iliyofungwa. Nikapiga magoti, nikapita chini ya ua kwa tundu la kijifereji changu, nikatokea upande wa pili, na tope hadi kifuani. Konokono alikuwa ametoka nje kutafuta nyumbani.

Nilipoinua kichwa nikaliona korongo kwa mara ya kwanza. Nimesema niliijua njia kwa masikio. Macho yangu hayakuwa yamefika hapo kwa wiki nyingi. Lilikuwa na kina cha kunifunika. Lilianza moja kwa moja kwenye tundu nililotokea, kama ulimi unavyoanza kooni, likavuka njia na kuingia chini ya ukuta wa chumba cha mwisho cha Papa Bolamba. Ukuta ulikuwa umepasuka kutoka dirishani hadi chini, na pale chini udongo ulikuwa umekwenda, nikaona kitu chembamba, cheusi, kinaning'inia hewani. Nilichukua muda kuelewa. Ulikuwa mguu wa kitanda.

“Mwana,” sauti ikasema dirishani. “Wewe njo wa ile nyumba ya pondu?”

Alikuwa Koko, mama mzazi wa Papa Bolamba, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi tangu kabla sijazaliwa. Wengi mtaani walikuwa wamesahau kama bado yupo. Uso wake ulikuwa mdogo kama kokwa, na macho yalikuwa yanacheka.

Nikamwuliza anaijuaje nyumba yetu. Akahesabu kwa vidole. “Jana mulikula samaki ya moshi. Juzi, pondu na mawese mingi, mama yako alitia mukono muzito. Siku ya tatu hamukupika. Mulikula mukate, ama mulilala njaa.”

Ilikuwa kweli. Siku ya tatu Mama alikuwa na homa, tulikula mkate.

“Maji ya sahani zenu inapitaka hapa, chini ya kitanda yangu,” Koko akasema. “Minajua nyumba yenu kuliko padri. Inapita, inanukia, kisha minasikia udongo: pu. Kisha tena: pu.” Alisema “pu” kwa utamu, kama mtu anayemsimulia mtoto habari za chura. Kisha akainamisha kichwa dirishani. “Usiambie mwana wangu kama minajua. Yeye anafikiri sijui, njo maana alifunga njia bila kusema kitu. Anaogopa akisema, nitasikia. Mimi minanyamaza ajue sijui. Vile tunakaa muzuri.”

Nikamwuliza kwa nini hahami chumba.

“Nilizalia humu watoto yote. Nihame niende wapi, na miguu ya nani?”

Nilirudi chini ya ua kwa tundu lilelile, na siku zile zilizofuata nilikuwa mtoto mwema kupita kiasi. Nilibeba beseni la maji hadi barabarani, hatua arobaini, mara tatu kila jioni, nikikatiza kati ya wapita njia. Mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Nilijaribu kuziba kijifereji kwa matope na majani ya migomba. Lakini mvua ikaja, na mfereji wa bati wa Papa, ule wa enginia, ukatema maji ya paa zima. Matope yangu yakaondoka kama hayakuwahi kuwapo. Nikaisikia kutoka jikoni, au nilidhani nimeisikia: pu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanye nini ikiwa ufa ni wako na ukuta ni wa mtu mwingine.

Jumamosi ya salongo ikafika, siku ya kazi ya pamoja, na mtaa ukaamua kwamba kazi ya pamoja ya siku hiyo ni kuyang'oa mabati ya Papa Bolamba. Walikuja na majembe na nondo. Kina mama walikuja na hasira ya wiki nyingi, na siwezi kuwalaumu. Miguu yao ilikuwa imevimba kweli. Papa alikuja na nakala ya barua, tayari kuisoma. Mama alikuja na jembe letu lenye mpini. Papa Bolamba alisimama mbele ya mabati, mikono mitupu, midomo imefungwa.

“Mara ya mwisho,” Dede akasema, ameshika nondo. “Papa, heshima yako iko. Lakini tuambie. Ile njia ni ya mama yako?”

Safari hii mzee alifumba macho. Nami nikaona kwamba atawaacha wang'oe, kwamba atawaacha watu hawa wote na baiskeli na mbuzi wapite juu ya mdomo wa lile korongo, kuliko atamke kwa sauti, mbele ya dirisha lile, kwamba chumba cha mama yake kinaanguka.

“Ndiyo,” nikasema. “Ni ya mama yake.”

Watu wakageuka. “Eh! Konokono ametoka!” mtu akasema, wakaanza kucheka, na laiti kicheko kile kingenipa nafasi ya kurudi jikoni ningeirukia. Lakini maneno yalikuwa yameshaanza kuteremka, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikasema maji ni ya kwetu. Nikasema kijifereji ni changu, nilikichimba kwa uvivu, na vingine vyote mtaani ni wana wa changu. Nikasema Koko yuko ndani, na kitanda chake hakina ardhi kwenye mguu mmoja. Papa alikunja barua yake mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama tikiti ya sinema. Nikamwangalia Mama, nikamalizia na lile ambalo kwa umri wangu nililiona dogo. “Koko anajua tunakulaka nini. Anasikia harufu. Alijua ile siku ulikuwa mugonjwa.”

Mama alitua jembe chini. Nimemwona Mama akikasirika mara nyingi, mimi nikiwa sababu; sijamwona tena akiwa na sura ile. Mwanamke huyu alikuwa amekaribisha mtaa mzima, tonge kwa tonge, mpaka mume wake akakonda. Na muda wote ule, hatua ishirini kutoka mkekani kwake, kulikuwa na mtu mzima ambaye hakumkaribisha hata siku moja, ila alimpelekea maji ya kuoshea sahani, chini ya kitanda.

Mama alipita kando ya Papa Bolamba, akasukuma bati, akaenda mpaka dirishani, ukingoni kabisa mwa korongo, kitambaa chake cha kichwa kimelegea. Hakumwambia Koko kwamba ukuta umepasuka. Hakumwambia ahame. Alisema, “Koko, mbote. Leo iko lituma na samaki. Kuya tukule.”

Tukamsikia Koko akifikiri. Mwenye kukaribishwa hawezi kupita hivihivi, hata kama hapiti popote.

“Mawese iko?” akauliza.

“Iko mingi.”

“Basi bakuye, banichukue,” Koko akasema. “Si bako na mikono?”

Wakambeba na kiti chake, Papa Bolamba upande mmoja, Dede upande mwingine, Dede ambaye alikuwa ameangusha nondo na ambaye, nadhani, alikuwa amelikumbuka swali lake la kila asubuhi, maana alitembea akiangalia miguu yake tu. Walimpitisha kwenye lango letu, kati ya jiko na choo, njia ya watu wote. Akaketishwa kwenye mkeka wetu saa tano asubuhi, na kwa mara ya kwanza tulikula mapema. Alikula vizuri. Alipomaliza, Mama akamwambia apumzike kidogo kitandani kwangu, jua kali. Alipumzika kidogo hadi Pasaka.

Ndiyo, kitandani kwangu. Mtu wa nyumbani alinyang'anywa hata chumba, akalala kwenye mkeka chini, akisikiliza mkoromo wa ajuza aliyekuwa akinicheka usingizini. Chumba cha Koko kilianguka wiki iliyofuata, mchana kweupe, katika mvua isiyo kubwa hata kidogo. Tulisikia sauti moja tu, si “pu” bali kitu kirefu, kama mtu anayeketi baada ya kusimama siku nzima. Koko alikuwa anamenya karanga. Akasimamisha mikono. Papa Bolamba akaja mlangoni, amelowa, wakatazamana, na siri yao iliyowakalisha vizuri ikaisha bila neno. Kisha Koko akasema, “Mwana, funga mulango, mvua inaingia,” akaendelea kumenya.

Salongo zilizofuata zilikuwa za kuziba vijifereji, ua kwa ua, na changu kilizibwa cha kwanza, mbele ya watu, na mimi mwenyewe. Walichimba mtaro mmoja wa mawe kwa maji ya wote, wakajaza korongo kwa magunia ya mchanga, wakapanda mchaichai kwenye kingo, kwa kuwa mizizi yake hushika udongo kama mtoto anavyoshika nguo ya mama. Papa Bolamba alitoa pale chumba kilipokuwa ili njia ipite mbali na ufa. Ndiyo maana hadi leo njia ina kona pale katikati, na watu wanaiita Kona ya Koko, ingawa vijana wanadhani ni jina la baa.

Bado ninaishi katika nyumba ileile. Safari ndefu niliyofanya maishani ni kuhama kutoka chumba cha nyuma kwenda chumba cha mbele. Papa hayupo, wala Mama, wala Koko, na kiwanja cha Papa Bolamba kiliuzwa na warithi. Mwaka huu mnunuzi amejenga ukuta wa matofali, akaifunga njia kuanzia kona. Chini yake korongo limerudi, na mchaichai uliobaki unaning'inia mizizi nje. Mtaa una hasira, na ni hasira ya haki. Watoto wanachelewa tena shuleni, madumu yanazunguka tena kwa barabara kubwa. Tofauti ni kwamba sasa hasira iko kwenye simu. Kuna kundi la WhatsApp, kila siku linajaa picha za ule ufa na maneno makali. Dede, ambaye sasa ana pikipiki na kitambi, hutuma sauti za dakika tano akimtukana mwenye ukuta. Hakuna aliyekwenda kumwuliza mwenye ukuta ana nini nyuma yake. Hata mimi.

Na watu wanapita uani kwangu, bila shaka. Wanapita wakiangalia simu zao, nami saa kumi ninakula ndani, mlango umefungwa, kama mwizi. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta wa kumlaumu kwenye lile kundi, nikaandika “maji haya yanatoka wapi?” na kabla ya kutuma nikasikia, nyuma ya jiko, maji ya sinki langu yakishuka kwenye bomba la plastiki nililoliweka mwaka jana ili nisiwe natoka nje kwenda kumwaga. Fundi aliniuliza bomba liishie wapi. Nilimwambia, popote pale chini.

Leo nimetwanga makemba. Lituma ni kubwa, ya watu wengi, na mawese ni mengi. Nimevaa viatu, jambo ambalo kwa mtu wa aina yangu ni nusu ya safari, na ninashuka kufuata bomba langu hadi linapoishia, kumtafuta aliye nyuma ya ule ukuta. Jana nilikula samaki wa moshi. Kuna mtu huko chini anayejua tayari.